Utomvu wa papai wa Beni: saa chache kati ya mti na moto

MBAU – Anayetoka mjini Beni kwenda kaskazini kwa barabara ya taifa namba 4 anafika Mbau baada ya kilomita 20 hivi. Hapo kuna njia panda. Njia moja inaendelea Oicha, Eringeti na Komanda. Nyingine inakata mashariki, inaingia msituni, inavuka mto Semuliki na kufika Kamango, karibu na mpaka wa Uganda. Siku hizi ukitaja njia panda hii, wakaaji wanafikiri vita: misafara ya askari, watu waliobeba magodoro, pikipiki zilizorudi zikikimbia. Lakini barabara hizi zilijengwa kwa ajili ya mali ya mashamba. Zilibeba kahawa, mbao na mawese. Zilibeba pia bidhaa moja nyepesi, yenye harufu kali, ambayo kilo yake ilishinda kilo ya kahawa kwa bei. Wakaaji waliiita papaini.

Kwa kijana ambaye hakuwahi kuiona: papaini ni utomvu mweupe wa papai bichi, uliokaushwa mpaka ukawa vipande vya rangi ya maziwa yaliyoganda. Hailiwi wala hainyweki. Ni malighafi ya viwanda. Ndani yake kuna enzaimu, yaani kitu kinachokata nyama na protini nyingine vipande vidogo vidogo. Mama anayefunga nyama ngumu kwa majani ya mpapai kabla ya kuipika anatumia nguvu hiyo hiyo, bila kuhitaji jina lake la kitaalamu.

Jina hilo lilitolewa Paris mwaka 1879 na wataalamu wawili wa Ufaransa, Wurtz na Bouchut. Mwaka 1911 huko Marekani, Leo Wallerstein alipata haki ya uvumbuzi kwa kutumia enzaimu za namna hiyo kwenye bia. Bia ikiwekwa kwenye baridi huwa inachafuka, inaonekana kama maji ya mvua, kwa sababu protini za shayiri zinagandamana. Papaini kidogo tu inazikata na bia inabaki safi. Hivyo kwa miaka mingi sehemu ya bia iliyonywewa Ulaya na Marekani ilipitia mikononi mwa mkulima wa nchi za joto ambaye hakuwahi kuonja bia hiyo. Wenye viwanda vya ngozi waliitaka papaini vilevile, pamoja na wauzaji wa nyama na watengenezaji wa dawa.

Kwanza ilitoka zaidi Ceylon, kisiwa ambacho leo kinaitwa Sri Lanka. Baadaye mashamba yakaongezeka Afrika Mashariki, katika Tanganyika na Uganda, na katika Kongo ya Wabelgiji. Teritwari ya Beni ilikuwa na kila kitu ambacho mpapai unataka: joto la bonde la Semuliki, mvua karibu mwaka mzima, na udongo ambao bado haujachoka. Baada ya uhuru, Kongo, iliyokuja kuitwa Zaire, ilihesabiwa kati ya wauzaji wakubwa wa papaini ghafi duniani.

Lakini shida ya papaini haikuwa kuipanda. Shida ilikuwa saa.

Kazi ilianza alfajiri. Mgemaji alitoka nyumbani kabla jua halijapanda, kwa kuwa utomvu unatiririka vizuri asubuhi, wakati mti bado umejaa maji. Jua likishakuwa kali, unaganda njiani. Alishika kijiti chenye wembe kwenye ncha, akachora papai bichi mistari ya kutoka juu kwenda chini, isiyozidi kina cha milimita mbili. Akikata ndani zaidi, maji ya tunda na mbegu yanachanganyika na utomvu na kuuharibu. Chini ya mti aliweka kitambaa au sahani kuzunguka shina. Utomvu ulidondoka kwa dakika chache tu, kisha ukakoma wenyewe. Tunda lile lile liliweza kugemwa tena baada ya siku nne mpaka saba, mara kadhaa, hadi lianze kuiva.

Chombo cha chuma cha kawaida hakikutakiwa. Utomvu ukigusa chuma unabadilika rangi na kupoteza nguvu. Mikono nayo ilipata shida. Enzaimu haichagui kati ya nyama ya ng'ombe na ngozi ya mtu: mgemaji asiye na glavu alirudi nyumbani na vidole vilivyolika, na utomvu ukiruka jichoni ulikuwa hatari. Kwa bei waliyolipwa wagemaji shambani, glavu hazikuwa za kila mtu. Hilo linafaa kukumbukwa kila mara watu wanaposifu enzi za papaini.

Sasa fikiria ndoo ya utomvu saa nne asubuhi. Karibu sehemu nne kati ya tano ni maji. Sehemu moja tu ndiyo mali. Tena ile sehemu moja inaanza kufa mara moja, maana hewa, joto na uchafu vinaishambulia, na enzaimu inajila yenyewe. Ukiacha ndoo hadi kesho, rangi inageuka kahawia na mnunuzi anageuza uso. Mkulima ambaye angejaribu kupeleka ndoo hiyo Beni kwa miguu, kwa baiskeli au kwa chukudu, angekuwa anasukuma maji kilomita 20, na angefika na kitu kisichouzika.

Kwa hiyo maendeleo makubwa ya biashara hii yalianzia kwenye tanuru, kabla ya gari. Wanunuzi na wenye mashamba walisogeza vikaushio karibu na miti, ili utomvu wa asubuhi uwe umeingia kwenye joto kabla ya jioni. Wengine walianika juani, njia ya bei rahisi, lakini jua linaua nguvu ya papaini na kuleta rangi mbaya. Njia bora ilikuwa tanuru ya kuni au ya makaa, yenye joto la nyuzi 50 mpaka 55, na utomvu ukiwa umetandazwa kwa tabaka jembamba. Joto likipita nyuzi 70, kazi yote ya asubuhi imekwisha, kwani unga unabaki lakini enzaimu imekufa. Aliyesimamia moto huo alikuwa na thamani kuliko shoferi. Wengine walitia chumvi ya salfiti kidogo ili rangi ikae nyeupe.

Hesabu yake ni nyepesi. Kilo 100 za utomvu mbichi zinatoa kama kilo 20 za papaini kavu. Kwa kukausha kijijini, gari moja linafanya kazi ya magari matano. Na ukishaweka vipande vikavu ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya debe lililofungwa vizuri lisipitishe hewa wala mwanga, mali haihesabiwi tena kwa saa. Inahesabiwa kwa wiki na miezi. Ndipo safari ndefu inawezekana.

Na safari ilikuwa ndefu kweli. Serikali za Kinshasa, ya wakoloni na zilizofuata, zilipenda mali ya Kivu ipite nchini. Maana yake ni kwenda Kisangani kwa barabara, zaidi ya kilomita 700 kutoka Beni, kisha karibu kilomita 1,700 kwa meli mtoni mpaka Kinshasa, kisha reli ya kilomita 366 hadi bandari ya Matadi. Kila kituo ni kushusha na kupakia, unyevu na wizi. Upande wa pili, Kasindi iko kama kilomita 80 kutoka Beni. Ukivuka hapo uko Mpondwe, Uganda, na mbele kidogo iko Kasese, ambako reli ilifika mwaka 1956. Kutoka hapo gari moshi lilishuka Kampala, Nairobi na Mombasa. Mfanyabiashara hakuhitaji kusoma chuo kikuu ili kuchagua.

Siasa ndiyo ilivuruga uchaguzi huo. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zinapewa Wazaire. Katika Beni na Lubero, kama kwingineko, mashamba ya Wabelgiji na Wagiriki yaligawiwa watu ambao wengi wao hawakujua kuyaendesha au hawakukusudia. Shamba la kahawa linaweza kuachwa mwaka mmoja likaokolewa. Shamba la papai ambalo mwenyewe hajui habari ya tanuru haliwezi. Miaka michache baadaye baadhi ya mali zilirudishwa kwa wenyewe wa zamani, lakini wafanyakazi walikuwa wametawanyika, na mashine nyingi za ukaushaji zilishakuwa vyuma chakavu.

Na upande wa Mombasa mambo yalikuwa mabaya vilevile. Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972, na biashara nyingi za Uganda zikafa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, reli ya pamoja ikagawanywa, kisha vita vya 1978 na 1979 vikafunga njia. Nyumbani, barabara zilizotengenezwa na kantonye wa wakoloni, wale wafanyakazi waliopewa kila mmoja kipande chake, ziliachwa kwa salongo, na salongo haikuwa na changarawe wala tingatinga.

Hapo ndipo wafanyabiashara wa Butembo walipojitokeza. Serikali ilipanga bei ya fedha za kigeni isiyofanana na ukweli. Aliyeuza kahawa au papaini kihalali alilipwa zaire ambazo hazikununua kitu. Aliyevuka mpaka kwa siri alilipwa shilingi au dola, na akarudi na vitambaa, chumvi, sabuni na vipuri vya magari. Kahawa ya Kivu iliuzwa ulimwenguni kwa jina la kahawa ya Uganda, na papaini ilipita njia zile zile. Huenda watu wa serikali waliita magendo. Kwa wenye mashamba ilikuwa njia pekee iliyolipa. Na tuseme wazi, papaini ilifaa sana kazi hiyo. Ni nyepesi, ni ghali, inaingia kwenye debe, na afisa wa dwane asiyeijua anaweza kudhani ni unga wa muhogo.

Mchezo wa unga wa muhogo ulikuwepo kweli katika biashara hii, na si Kongo peke yake. Kwa kuwa papaini ilipimwa kwa kilo huku kijijini, wapo walioongeza wanga ili kilo ziongezeke. Lakini mnunuzi wa Ulaya hakulipia kilo tupu. Alilipia nguvu. Kipimo kimoja kilikuwa kuona papaini inagandisha maziwa kwa haraka gani, na tone la iodini lilitosha kufichua wanga, maana linageuka rangi ya buluu nyeusi. Debe lililofika Antwerp likakutwa dhaifu lilishushwa bei kwa mzigo mzima, na hasara ikarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwa mgemaji, hata yule ambaye hakutia kitu. Wanunuzi wenye akili waligundua kwamba ni rahisi kupima mapema, kwenye kikaushio, na kulipa tofauti kwa mali nzuri na mbaya, kuliko kugundua baada ya safari ndefu ya kwenda Ulaya. Hatua hiyo ndogo ilipunguza hasara ya safari.

Mjini Beni lipo jina linalokumbusha enzi hizo ingawa wengi wanalihusisha na mbao tu. ENRA, kampuni ya mbao inayojulikana na kila shoferi wa njia ya Mambasa, ilichukua jina lake kutokana na usafishaji wa enzaimu. Herufi mbili za kwanza si za mti wowote. Papaini ilitangulia, mbao zikafuata, na mbao ndizo zilizobaki.

Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, Beni ilikuwa makao ya RCD-K/ML, na jeshi la Uganda lilikuwa barabarani. Kinshasa ilikuwa mbali kama nchi nyingine. Wafanyabiashara wakubwa wa Butembo walifanya mpango ambao bado unajadiliwa na wasomi: walilipa ushuru wa dwane mbele, kabla mizigo haijafika, na wakuu wa waasi wakapata fedha, nao wakapata punguzo na njia iliyo wazi. Walichangia pia matengenezo ya barabara. Kwa mali ya kuuza nje, Kasindi haikuwa mbaya zaidi kuliko zamani. Pengine ilikuwa afadhali. Vita hivyo viliumiza watu vibaya, lakini havikuua biashara ya papaini kwa mkato mmoja.

Pigo jingine lilitoka mbali. Viwanda vya bia vilipata njia nyingine za kusafisha bia, na enzaimu zilizotengenezwa kwa vijidudu ndani ya matangi zikaanza kushindana na utomvu wa shambani. Matangi hayana msimu, hayana barieri, hayana mvua. Sindano ya kimopapaini, enzaimu ndugu ya papaini iliyotumika kutibu maumivu ya mgongo, iliruhusiwa Marekani mwaka 1982, na ikaacha kuuzwa huko mwaka 2003. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru dawa za kupaka vidonda zenye papaini zisizo na kibali ziondolewe sokoni. Papaini haikuacha kutafutwa kabisa, lakini mnunuzi sasa alikuwa na mahali pengine pa kwenda, India kwa mfano. Hakumsubiri tena muuzaji ambaye gari lake limekwama.

Kisha vita vikahama kutoka barabara kubwa na kuingia mashambani.

Tarehe 11 Julai 2013 waasi wa ADF walivamia Kamango, na zaidi ya watu 60,000 wakakimbilia Bundibugyo, Uganda. Januari 2014 jeshi la Kongo lilianzisha operesheni Sukola 1, na mapigano makali yalifuata kwenye njia ya Mbau–Kamango. Oktoba mwaka ule ule mauaji ya raia yalianza Beni na vijiji vya kandokando, Mbau na Oicha zikiwemo. Tarehe 7 Desemba 2017, kwenye daraja la Semuliki, kambi ya kikosi cha Umoja wa Mataifa ilishambuliwa na askari 15 wa Tanzania wakauawa. Wakaaji wa huku hawahitaji kukumbushwa tarehe zaidi. Wengi wana tarehe zao wenyewe.

Ukiangalia ramani ya kijeshi utaona barabara kubwa zikifunguliwa na kufungwa. Malori yaliendelea kupita Kasindi hata katika miaka mibaya, mara nyingine kwa msafara wenye askari, mara nyingine kwa kulipa zaidi. Kilomita 80 za Kasindi hazikufa. Kilichokufa ni kilomita mbili au tatu za mwanzo, kijinjia cha kutoka nyumbani hadi shamba, na kutoka shamba hadi tanuru. Mgema papai anapaswa kuwa shambani alfajiri, peke yake au wawili, kila baada ya siku chache, na kusubiri utomvu udondoke. Hiyo ndiyo saa na hiyo ndiyo hali ambayo watu wa Mbau, Mavivi na Eringeti walijifunza kuiogopa kuliko zote. Mkulima anayelala Oicha au Beni na kwenda shamba saa tatu akiona wenzake wanakwenda, na kurudi saa nane kabla ya giza, anaweza kuchuma muhogo. Papai hawezi kuligema.

Kakao ilivumilia zaidi, na ndiyo sababu mojawapo inayoeleza kwa nini imejaa leo mahali palipokuwa na mipapai. Tunda la kakao likiiva linaweza kungoja siku kadhaa mtini. Ukilivuna, mbegu zinachachushwa siku tano hadi saba, zinaanikwa, basi. Lakini uvumilivu huo una ubaya wake: mali inayongoja mwenyewe inawangoja wezi pia. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza jinsi kakao ya mashamba yaliyoachwa na wakimbizi ilivyovunwa na watu wengine, wenye silaha wakiwemo. Papai halikuibwa hivyo. Liliiva, likaanguka, likaliwa na ndege.

Huko juu Lubero, kwenye baridi, kuna mfano mwingine wa malighafi ya dawa: gome la kinkina, linalotoa kwinini. Wakati Wajapani walipoteka Java mwaka 1942, nchi za Magharibi zilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya kwinini ya dunia, na kinkina ya Kivu ikawa ya kutafutwa. Gome linabanduliwa siku yoyote, linaanikwa, linakaa ghalani miezi. Barabara ikifungwa, gome linasubiri. Mti nao, usipobanduliwa mwaka huu, unakuwa na gome nene zaidi mwaka ujao. Kwa mkulima aliye kwenye eneo la vita, tofauti kati ya kinkina na papai ni kubwa kuliko tofauti ya bei.

Somo hilo hilo la maji na safari lilirudi Mbau kwa njia ambayo hakuna aliyeiomba. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, ikianzia Mangina, na ilipomalizika rasmi tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 2,200. Kila barieri ilikuwa na ndoo yenye bomba na harufu ya klorini. Watu wengi walidhani maji hayo yaliletwa na magari. Hapana. Maji ya klorini yaliyokwisha kuchanganywa yanapoteza nguvu haraka, kama utomvu. Kilichosafirishwa ni unga wa klorini kwenye madebe yaliyofungwa, na mchanganyiko ulifanywa papo hapo, kila siku: asilimia 0.05 kwa mikono, asilimia 0.5 kwa vyombo, sakafu na miili ya marehemu. Debe moja dogo kwenye pikipiki lilitosha kituo cha afya. Kama mtu angejaribu kusambaza ndoo zilizojaa kutoka Beni hadi kila kijiji, magari yasingetosha, na maji yangefika yakiwa dhaifu. Njia ya kilomita chache ilikuwa wazi na salama asubuhi? Kituo kilipata unga. Ilifungwa? Walichanganya akiba waliyokuwa nayo. Waliopanga kazi hiyo huenda hawakujua lolote kuhusu wakaushaji wa papaini waliowatangulia, lakini hesabu ilikuwa ileile.

Sasa kuna mazungumzo mapya ya barabara. Tarehe 16 Juni 2021 marais Tshisekedi na Museveni walizindua kule Mpondwe na Kasindi mradi wa kutengeneza kilomita 223, zikiwemo 80 za Kasindi–Beni na 54 za Beni–Butembo. Tangu tarehe 30 Novemba 2021 jeshi la Uganda liko nchini na FARDC katika operesheni Shujaa, na mashine zake zilianza kutengeneza njia upande wa Kamango. Wafanyabiashara wana haki ya kufurahi. Lori likivuka Kasindi kwa saa mbili badala ya siku mbili, bei ya chumvi inashuka na bei ya kakao shambani inaweza kupanda.

Kwa papaini, hata hivyo, lami peke yake haitoshi, na anayeahidi kwamba itatosha hajui kazi hii. Safari ya Mombasa haikuwa kikwazo hata wakati wa matope, mradi mali ilikuwa kavu. Kinachotakiwa kwanza ni usalama wa saa kumi na mbili asubuhi katika vijiji vya nyuma ya Mbau, na cha pili ni tanuru iliyo karibu, yenye moto unaopimika. Kuhusu moto, kuna kitu ambacho wazee wa papaini hawakuwa nacho. Mutwanga, chini ya Ruwenzori, umeme wa maji unawaka tangu 2013, na umeme unashika nyuzi 55 vizuri kuliko kuni. Kwa upande wa Mbau na Oicha, paneli za jua na feni zinaweza kufanya kazi hiyo kwa kiasi kidogo kidogo. Lakini tanuru ni mali inayokaa mahali pamoja, inaonekana, inaweza kuchomwa. Nani ataweka fedha zake hapo, wakati familia zilizopaswa kuleta utomvu zinalala kwenye madarasa au kwa jamaa mjini Beni?

Wapo waliokimbia mwaka 2014 wakiacha mipapai yenye matunda. Hao hawataikuta. Mpapai unatoa utomvu mzuri kwa miaka mitatu hivi, baada ya hapo unarefuka na kuchoka, na mgemaji anaukata apande mwingine. Miaka zaidi ya kumi ni maisha ya miti mitatu. Anayerudi atakuta kichaka, au kakao iliyopandwa na mwingine, na kesi ya mpaka kwa chifu. Mbegu zinapatikana bure ndani ya kila papai sokoni, na mti uliopandwa msimu huu unaweza kuanza kugemwa kabla mwaka na nusu haujaisha, kama kuna mtu wa kuamka nao.